Kinanda cha zamani "kilichojaribiwa" kinanitia hofu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu tangazo dogo lililotoka katika gazeti hili wiki mbili zilizopita, ambamo msomaji mmoja anauza kinanda cha umeme cha analogi cha miaka ya 1980. Tangazo linasema kinanda hicho "kimekaa stoo tangu enzi za marehemu baba, kimejaribiwa, taa zinawaka". Sina ugomvi na muuzaji, wala simfahamu, na bei anayotaka si shauri langu. Ugomvi wangu ni na neno moja tu, "kimejaribiwa", kwa sababu katika kazi yangu ya kukarabati vinanda, redio na vikuza sauti hapa Tanga nimeona kwamba chombo kilicholala miaka mingi mara nyingi hakiuliwi na huko kulala. Kinachokiua ni ile siku mtu anapokichomeka kwenye soketi ili aone kama bado kizima.

Wasomaji ambao hawajawahi kuvigusa vyombo hivi wataniwia radhi nikieleza kidogo. Sinteseiza ya analogi, yaani kinanda cha umeme cha namna hii, haina sauti zilizorekodiwa mahali pengine na kuhifadhiwa ndani yake. Ina saketi ziitwazo osileta, ambazo zenyewe huzalisha mtetemo wa umeme, na mtetemo huo hupitishwa kwenye kichujio, ukapunguzwa makali au kuongezwa, kisha ukatolewa kwenye spika. Katika nyingi ya mashine hizi, volti moja ikiongezeka kwenye osileta noti hupanda oktavu nzima, na kwa hiyo hitilafu ndogo sana ya volti, ambayo kwenye redio usingeisikia kabisa, hapa huisikia kila mwenye masikio kama kinanda kilichotoka kwenye tyuni. Ndiyo maana sehemu inayopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa volti za ndani, yaani pawa saplai, ni sehemu ya sauti yenyewe, na ndiyo ya kwanza kuchunguzwa.

Enzi yake haikuwa ndefu. Sinteseiza iitwayo Minimoog ilitengenezwa Marekani kuanzia 1970 hadi 1981. Prophet-5 ilitoka 1978. Wajapani wakaja na Korg Polysix mwaka 1981, Roland Juno-60 mwaka uliofuata, na Juno-106 mwaka 1984. Katikati ya hapo, mwaka 1983, Yamaha walitoa DX7, ambayo ni ya kidijitali, na wapigaji wengi duniani wakaona mashine za zamani ni mzigo mzito usiokaa kwenye tyuni. Huku kwetu vinanda vilivyotamba katika taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990 vilikuwa zaidi vya kidijitali, na vya analogi vilivyotufikia ni vichache: kimoja kimeletwa na baharia, kingine kimeachwa na bendi ya hoteli, kingine kimetoka misheni. Uchache huo ndio unaonifanya niandike, maana kikiungua hiki hakuna kingine cha kutolea vipuri.

Nitaeleza kisa kimoja, nami sitataja kwaya wala mtaa. Vijana wa kwaya moja walipewa Polysix na familia ya mzee aliyekuwa akifanya kazi melini. Ilikuwa imekaa juu ya kabati, imefungwa kwa shuka, kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuukumbuka. Waliifuta vumbi, wakaichomeka jioni ya mazoezi, taa nyekundu zikawaka, wakashangilia, na mmoja wao akapiga kibwagizo kizima. Baada ya robo saa hivi sauti ikaanza kunguruma, ikaja harufu kama ya mpira unaoungua, kisha moshi ukatoka kwenye matundu ya nyuma. Ilipofika kwangu kwenye toroli, kijana aliyeisindikiza alikuwa bado anabisha: "Lakini fundi, mbona iliwaka vizuri tu? Sisi tuliijaribu!"

Nilipoifungua nilikuta mambo matatu, na hakuna hata moja lililotokea jioni ile. Kwanza, mahali pa fyuzi palikuwa na uzi wa waya wa shaba uliosokotwa, kazi ya mtu fulani wa miaka ya nyuma aliyekosa fyuzi dukani au aliyechoka kuzinunua. Pili, kapasita (kijimkebe kinachohifadhi umeme kwa muda) mojawapo kubwa ya kusafisha umeme ilikuwa imevimba kichwani na kuvuja, na ilipokata roho ikawa kama waya mtupu. Na kwa kuwa ule uzi wa shaba haukukubali kukatika, mzigo wote ukaishia kwenye transfoma, ikaungua. Tatu, kwenye bodi inayohifadhi sauti palikuwa na betri ndogo ya nikeli na kadimiamu iliyochuruzika majimaji yake zamani, ikaacha ukoko wa kijani na buluu uliokula njia za shaba kama mchwa alavyo mlango. Hili la betri ni maradhi ya Polysix popote ilipo duniani, wala si la kwaya ile peke yake; ukisikia Polysix ina vitufe visivyosikia, au noti zinazojipiga zenyewe, au sauti zilizopotea kwenye hifadhi, anza na betri.

Transfoma ilisukwa upya na fundi anayesuka mota za pampu, ambaye alihesabu mizunguko ya waya kwa penseli kwenye boksi la sigara. Bodi niliirekebisha mwenyewe, njia moja moja, kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele wa mtoto. Kazi ilichukua wiki tatu. Laiti wangeleta kabla ya kuchomeka, ingekuwa kazi ya mchana mmoja: kubadilisha fyuzi, kung'oa betri, kubadilisha kapasita mbili.

Sasa nieleze kwa nini kapasita hufa kwa namna hiyo. Kapasita zile za mkebe wa alumini zina tabaka jembamba mno la oksidi linalozuia umeme usipite, na tabaka hilo hudumishwa na volti yenyewe. Zikikaa miaka bila umeme tabaka hudhoofika, na majimaji ya ndani pia hukauka taratibu. Ukizipa volti zote kwa mkupuo, umeme hupenya pale pasipostahili, joto hupanda, gesi hujaa ndani ya mkebe, na mkebe hupasuka. Ukizipa kidogo kidogo, zile ambazo hazijafa kabisa hujijenga upya. Ziko pia kapasita ndogo za tantalamu, zenye umbo la tone la maji lililopakwa rangi, na hizo hazina taarifa: leo nzima, kesho zimegeuka kuwa waya. Na katika baadhi ya mashine ziko kapasita za karatasi kwenye njia ya umeme wa ukutani, ndani ya plastiki ya manjano inayoonyesha ndani. Plastiki hiyo huchanika kwa umri, unyevu ukaingia, na siku ya kuwashwa hutoa moshi mzito na harufu isiyotoka chumbani kwa siku nzima. Ukiona nyufa kwenye kapasita za namna hiyo, zitoe kabla ya jambo lingine lolote.

Lakini hata kabla ya kufungua kifuniko kuna jambo la kusoma kwa macho tu, nalo ni kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya wananchi wa Japani inataka volti 100, na ya Marekani inataka kama 120, na vyombo hivi hutufikia kwa njia nyingi, ikiwemo mitumba ya Dubai ambayo haiulizi kilitengenezwa kwa ajili ya nani. Plagi haisemi kitu, kwa sababu plagi mtu yeyote anaweza kuikata na kufunga nyingine ya pini tatu. Mashine ya volti 100 ikipewa 230, volti za ndani nazo hupanda zaidi ya mara mbili, na kama fyuzi ni halali itakatika papo hapo na utakuwa na bahati. Kama ni uzi wa shaba, soma tena kisa cha kwaya. Baadhi ya mashine zina swichi ya nyuma ya kuchagua volti, na nyingine zina nyaya za transfoma ambazo fundi anaweza kuzihamisha ndani. Ambazo hazina hayo zitumie transfoma ya nje ya kushusha umeme, na transfoma hiyo iwe na uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Hapo pana kosa ambalo hata mafundi wenzangu hulifanya. Mashine ikihamishwa kutoka volti 115 kwenda 230, umeme inaouvuta kutoka ukutani hupungua kwa nusu, kwa hiyo fyuzi nayo lazima ipungue kwa nusu: iliyokuwa na ampea moja iwe ya nusu ampea. Ukiiacha ile ya zamani umebakiza mlinzi aliyelala. Tena fyuzi yenye alama ya T ni ile inayochelewa kidogo makusudi ili istahimili mshtuko wa kuwasha, na haifai kubadilishwa ovyo na ya kawaida. Kwenye plagi yetu ya pini tatu nako mna fyuzi, na wauzaji wengi huweka ya ampea 13. Kwa kinanda weka ya ampea 3.

Baada ya kibandiko, mashine ikiwa haijachomekwa popote, ifunguliwe. Huku pwani nimekuta humo ndani mende, mayai ya mjusi, na mara moja shilingi za enzi ya Mwalimu zilizoingia kupitia mwanya wa vibonyezo na kulala juu ya bodi zikisubiri umeme uje. Itikise taratibu usikilize kama kuna skrubu iliyolegea. Inuse. Angalia vichwa vya kapasita kubwa kama vimevimba au vimelowa chini yake. Tafuta betri, na kama ni ya kuchajiwa na imeanza kutoa ukoko, ikate kwa koleo siku hiyo hiyo, hata kama huna nyingine ya kuweka, kwa sababu kupoteza sauti zilizohifadhiwa ni hasara ndogo kuliko kupoteza bodi. Majimaji ya betri ya aina hiyo ni ya alkali, kwa hiyo siki kidogo au maji ya ndimu kwenye mswaki mkuukuu huyapooza; kisha suuza kwa alkoholi safi ya isopropili, uache pakauke kabisa. Atakayeweka betri ya lithiamu badala yake asisahau kufunga diodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, maana saketi ya zamani itajaribu kuichaji, na betri ya lithiamu isiyo ya kuchajiwa haitakiwi kuchajiwa.

Hapo ndipo umeme unaporuhusiwa kuingia, tena kwa kupitia balbu. Njia hii ni ya zamani na haina gharama. Unaunganisha balbu ya waya, ile inayopata moto, ya wati 40 au 60, kwa mfululizo na waya wa moto unaokwenda kwenye mashine, ndani ya boksi lililofungwa vizuri lisiloacha waya wazi. Balbu za kisasa zinazookoa umeme hazifai kwa kazi hii. Zile za waya siku hizi mimi huzinunua kwa wauza vyakula vya kuku, ambao bado wanazo kwa ajili ya kulelea vifaranga. Ukiwasha, balbu itang'aa kwa sekunde moja kapasita zinapojaa, kisha itafifia na kubaki na wekundu hafifu. Hiyo ni dalili njema. Ikibaki inang'aa kwa nguvu, ndani kuna mahali pamegusana, na balbu imemeza ule umeme ambao ungeunguza transfoma. Zima, tafuta kosa. Mwenye transfoma ya kurekebishika anaweza kupandisha volti taratibu kwa saa moja au mbili, akianzia chini, na hiyo ni njia bora zaidi kwa kapasita zilizolala. Lakini iwe kwa mashine zenye transfoma nzito ya chuma, ambazo ndizo nyingi za enzi hizo, na isiwe kwa vifaa vyenye pawa saplai nyepesi za kisasa, kwa kuwa hizo hazipendi volti pungufu.

Inapowezekana, kabla ya hatua hiyo chomoa soketi zinazopeleka umeme kwenye bodi nyingine, ili pawa saplai ijaribiwe peke yake. Pima kwa mita: kwa kawaida utatafuta volti 15 chanya, 15 hasi na 5, na kijitabu cha mafundi cha mashine husika kitakuambia kamili. Ile ya 5 ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu kidhibiti chake kikiharibika kikaachia volti 10 au zaidi, chipu zote zinazosimamia vitufe na hifadhi hufa kwa pamoja kimya kimya, na baadhi yake hazitengenezwi tena. Mkono mmoja na uwe mfukoni wakati wa kupima karibu na swichi na transfoma, na asiyewahi kushika mita asijifunzie hapa. Upande wa umeme wa ukutani unaua, na balbu niliyoisifu hapo juu inaokoa mashine tu, haimwokoi mtu.

Ziko tabia nyingine za wapigaji ninazozichukia. Ya kwanza ni kukata waya wa athi kwenye plagi ili kuondoa mvumo kwenye spika. Mvumo huo hutibiwa kwenye nyaya za sauti. Athi iachwe ilipo, kwa kuwa mwili wa mashine hizi ni chuma na mpigaji hushika pia gitaa au maikrofoni. Ya pili ni kupulizia mafuta ya bawaba kwenye vibonyezo na vitelezi vinavyokwaruza. Mafuta hayo huteleza vizuri kwa wiki moja, kisha hushika vumbi na kuwa gundi. Itumike dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kidogo, na mipira yenye kaboni iliyo chini ya vibonyezo isuguliwe kwa pamba yenye alkoholi. Ya tatu, na hii ni ya mafundi wenye haraka, ni kuzungusha viskrubu vidogo vya ndani kwa sababu kinanda kimetoka kwenye tyuni. Mashine ya analogi inahitaji kama nusu saa ipate joto kabla ya kuihukumu. Nimepokea mashine zilizochokonolewa viskrubu zaidi ya 20 na mtu ambaye angesubiri tu amalize chai yake asingehitaji hata kimoja.

Si kila kasoro inatokana na pawa saplai. Kwenye Juno-106, kwa mfano, sauti sita hupitia chipu sita zilizofunikwa utomvu mweusi, na utomvu huo kwa miaka huanza kupitisha umeme pasipotakiwa. Utasikia noti moja katika kila sita inakwaruza au haisikiki. Mafundi huziloweka chipu hizo kwenye asetoni mpaka gamba litoke, na nyingi hufufuka. Nasema hili kwa sababu nimewahi kuona Juno inatupwa kwa kosa la noti moja.

Kama mashine imewaka na hifadhi yake bado ina sauti za mwenyewe, zitolewe kabla ya betri kubadilishwa. Juno na Polysix zina tundu la kaseti, na kinachotoka hapo ni mlio kama wa faksi ambao unaweza kuurekodi kwenye kompyuta badala ya kaseti na kuurudisha baadaye. Polysix ile ya kwaya haikubahatika. Sauti 32 alizozipanga yule mzee wa melini zilikwenda na betri.

Kuhusu kuhifadhi, adui wetu wa pwani ni chumvi na unyevu. Msifunge kinanda kwenye nailoni, kwa sababu jasho linaloingia haliwezi kutoka. Shuka ya pamba inatosha, na juu ya meza, mbali na ukuta unaolia wakati wa masika. Kiwashwe angalau mara moja kwa mwezi kwa saa nzima, kisha kichomolewe kabisa, maana umeme unaporudi baada ya kukatika huja na kishindo. Kila sehemu iliyobadilishwa iwekwe kwenye bahasha pamoja na tarehe, ibaki ndani ya boksi la mashine; fundi atakayekuja miaka 20 ijayo atakushukuru. Wapo wanaotaka kapasita zote zing'olewe siku ya kwanza, nzima na mbovu. Mimi sikubaliani nao. Zile za pawa saplai, ndiyo; nyingine zipimwe kwanza, kwa sababu kila mguso wa lehemu kwenye bodi ya miaka 40 ni nafasi ya kung'oa njia ya shaba.

Kwa yule mwenye tangazo: kama kinanda bado kiko kwako, kichomoe ukutani leo. Tazama kibandiko cha nyuma uandike volti na jina la modeli, fungua kitundu cha fyuzi uone kama ndani mna fyuzi ya kioo au uzi wa waya, kisha utangaze upya ukiyataja hayo mawili badala ya lile neno. Ukiwa Tanga, kilete Ngamiani. Kukifungua na kukitazama sitatoza kitu.

Fundi wa vinanda,
Ngamiani, Tanga